Tovuti ya Afya "Inayofikika" ni Ipi Hasa?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Kenya ilipoiacha Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Afya, tuliyoizoea kwa jina la NHIF, na kuhamia SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, shughuli nyingi zilizokuwa zikifanyika dirishani zimehamia kwenye simu. Mtu hujisajili katika tovuti ya Afya Yangu au kwa kubonyeza *147#, na huko huko akawaandikisha wategemezi wake. Mabishano ya umma yamekuwa zaidi kuhusu makato ya asilimia 2.75 ya mshahara na kuhusu hospitali zipi zinawapokea wanachama. Lakini chini ya mabishano hayo pana neno moja linalotumiwa ovyo, nalo ni hili la tovuti "kufikika". Afisa husema tovuti inafikika akimaanisha kwamba mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua. Fundi husema inafikika akimaanisha kwamba seva haijaanguka. Mtu asiyeona akisema haifikiki, hujibiwa kwamba mtandao wake ni dhaifu, aongeze bando.

Maana ninayoizungumzia hapa ni ya tatu. Kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa ufikivu, na ukifungua mipangilio ya simu ya Android iliyowekwa Kiswahili utalikuta neno hilo limeandikwa humo. Tovuti ina ufikivu pale ambapo mtu mwenye ulemavu anaweza kusoma alichokuja kusoma, kujaza alichotakiwa kujaza na kumaliza shughuli iliyomleta, kwa kifaa na kwa njia anayoitumia yeye, bila kulazimika kumwita mtu mwingine. Naomba msomaji aishike sana sehemu ya mwisho ya maelezo hayo, kwa sababu katika mambo ya afya ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani na mjomba wangu, ambaye haoni tangu ujanani, naye akijaribu kuweka miadi ya kliniki kwenye tovuti ya hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja. Mjomba si mgeni wa simu. Hutuma pesa, husikiliza magazeti, na siku ya Idi ujumbe wake hutufikia kabla hatujaamka. Simu yake ina programu inayomsomea kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini: akigusa mara moja inamtajia kitu alichokigusa, akigusa mara mbili upesi upesi inakibonyeza. Jioni ile niliisikia ikisema, "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kisha ikataja mlolongo wa herufi na tarakimu ambao baadaye niligundua ni jina la faili la picha. Akabahatisha kitufe cha pili, akarudishwa mwanzo. Akabahatisha cha tatu, ikafunguka kalenda iliyomsomea namba kuanzia 1 hadi 31 bila kumwambia ni za mwezi gani, wala ni siku zipi zimeshajaa. Alipofika mahali pa kuandika msimbo uliotumwa kwa ujumbe mfupi, sauti ilikuwa bado inamsomea maelezo ya ukurasa wakati muda wa msimbo ulipokwisha. Akaomba mwingine, nao ukaisha. Mara ya tatu akaninyoshea simu. "Mjomba," akaniita, kama tunavyoitana siku zote, "hebu nimalizie hapa."

Nilimaliza kwa dakika mbili. Katika dakika hizo mbili nikasoma jina la kliniki aliyokuwa akiitafuta, jambo ambalo hakuwa ameniambia mimi wala, nadhani, mtu mwingine yeyote nyumbani. Hakusema neno, nami sikusema.

Ndiyo maana tovuti ya afya haiwezi kupimwa kwa kipimo cha tovuti ya kuuza viatu. Anayeshindwa kununua viatu mtandaoni ataenda dukani, na hasara yake ni nauli. Anayeshindwa kujaza fomu ya kliniki humwita mwanawe, jirani au kijana wa saiba, na kwa kumwita huyo tayari ameshaitoa siri ya mwili wake, iwe ni dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, uzazi wa mpango, kifua kikuu au msongo wa mawazo. Daktari aliyekatazwa kuitangaza siri ya mgonjwa, na sheria zote tulizo nazo za kulinda taarifa za watu, havina maana kubwa ikiwa njia ya kumfikia daktari huyo inapita mikononi mwa mtu wa tatu.

Kwanza tuelewe simu ya mjomba ilikuwa inafanya nini. Programu ya aina hiyo huitwa kisoma skrini. Kwenye simu za Android ni TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver, na kwenye kompyuta za Windows wengi hutumia NVDA, ambayo haiuzwi na ilianzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, ambaye aliungana na mwenzake asiyeona, James Teh, katika kuijenga. Kinachowapotosha watu wengi ni kudhani kwamba kisoma skrini "kinaangalia" ukurasa kama jicho linavyoangalia. Kazi yake ni kusoma maandishi yaliyowekwa na fundi ndani ya ukurasa, yakiwamo yale ambayo sisi tunaoona hatuyaoni kamwe. Fundi asipoyaweka, kwa kawaida hakuna cha kusomwa.

Wengi wetu tumewahi kutoka kwenye dirisha la dawa na bahasha ndogo za kaki mkononi, kila moja imeandikwa kwa kalamu jina la dawa na 1x3 au 2x2. Tuchukulie kwamba mfamasia amezitoa bahasha zote bila kuziandika. Dawa ni zilezile, zimelipiwa, ziko mkononi, lakini hazitumiki, na mwenye kubahatisha anaweza kujidhuru. Kitufe kisicho na jina ni bahasha isiyoandikwa. Kwa macho kinaweza kuwa na mchoro wa kioo cha kukuzia, na mwenye macho ataelewa kwamba hapo ni pa kutafutia, lakini kisoma skrini kitasema "kitufe" na kunyamaza. Dawa yake ni fundi kuandika neno "Tafuta" katika maandishi ya ndani yanayokiunda kitufe hicho. Ni neno moja, na sura ya ukurasa haibadiliki hata kidogo.

Picha nazo huhitaji maelezo yake ya maandishi, na maelezo hayo lazima yabebe kilichomo. Bango la kampeni ya chanjo lililopandishwa kama picha, likiwa na tarehe, vituo na umri wa watoto wanaohusika, haliwezi kuelezwa kwa maneno "bango la chanjo" na kazi ikawa imekwisha. Tarehe, vituo na umri vinapaswa kuandikwa. Vichwa vya habari vina kazi inayofanana na vibao vya njia kwenye kituo cha matatu. Anayeona hutupa jicho mara moja akajua gari lake liko wapi. Asiyeona huruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine kwa kidole mpaka apate "Malipo" au "Hospitali zilizo karibu". Lakini huweza kuruka hivyo ikiwa tu fundi amevitia alama kwamba ni vichwa. Akiwa ameyafanya maneno kuwa makubwa na meusi tu, kwa jicho ni vichwa, kwa sikio ni aya kama nyingine, na msikilizaji atalazimika kuanza juu kabisa kila mara.

Kuna kosa moja ambalo linatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili kuliko wengine, nalo huniuma kila ninapokutana nalo. Kila ukurasa wa wavuti hutakiwa kubeba ndani yake alama fupi inayotaja lugha yake, na alama ya Kiswahili ni herufi mbili, sw. Tovuti nyingi hujengwa kwa viunzi vilivyotengenezwa tayari ambavyo huja na alama ya Kiingereza, yaani en. Mfasiri hufanya kazi yake vizuri, maneno yote yakawa Kiswahili, lakini hakuna anayekumbuka kuibadilisha alama ile. Kisoma skrini kikiona en, huyatamka maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na sentensi nyepesi kama "kunywa dawa baada ya kula" hugeuka mlio usiotambulika. Msikilizaji hudhani simu yake imeharibika, au kwamba teknolojia haijui Kiswahili. Inajua. eSpeak NG, programu ya sauti isiyolipiwa ambayo huja pamoja na NVDA, ina Kiswahili. Kilichokosekana ni herufi mbili.

Hadi hapa nimezungumza kama kwamba ulemavu ni kutoona, na huo ni upungufu wa mazungumzo mengi kuhusu jambo hili. Watu wenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, huona, lakini huona kwa kukuza maandishi na kwa kutegemea rangi zinazotofautiana wazi. Maandishi ya kijivu kilichofifia juu ya nyeupe, ambayo wabunifu wa siku hizi wanayapenda sana, hutoweka kabisa mbele yao, na juani yakatoweka hata mbele ya mwenye macho mazima. Tofauti hiyo ya mwanga hupimwa kwa namba: nyeusi tupu juu ya nyeupe tupu ni 21 kwa 1, na kiwango cha chini kinachokubalika kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Vilevile mtu akiyakuza maandishi mara mbili, hakuna sehemu ya ukurasa inayopaswa kufunikwa au kupotea. Na fomu isimwambie mtu "sahihisha sehemu zenye rangi nyekundu" bila kuzitaja, kwa sababu wako wasioitofautisha nyekundu na kijani.

Kwa viziwi, dhana potofu ni kwamba maandishi yanatosha. Mtoto aliyezaliwa kiziwi na kukua akizungumza kwa ishara, lugha yake ya kwanza ni hiyo. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake yenyewe, na Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 7 inaitaka serikali iikuze. Kwake Kiswahili na Kiingereza ni lugha alizojifunza darasani, bila kuzisikia. Kumwandikia aya ndefu kuhusu taratibu za rufaa ya figo, kisha kusema amehudumiwa, ni kumwonea. Video fupi ya mkalimani wa ishara inamfaa zaidi, na kila video yenye sauti iwe na maandishi yanayokwenda sambamba na maneno. Lililo dogo kuliko hayo, na linalosahauliwa zaidi, ni lile la mawasiliano: mwisho wa ukurasa huandikwa "kwa msaada, piga simu", ikifuatiwa na namba, basi. Kiziwi atapigaje? Ujumbe mfupi, WhatsApp au barua pepe kando ya namba hiyo vingemfungulia mlango.

Wako wasioweza kutumia mikono kwa usahihi, kwa sababu ya mtindio wa ubongo, kiharusi, ajali au kutetemeka kwa uzee. Kwao kila kitu kinachofanyika kwa kidole au kwa kipanya lazima kiweze kufanyika pia kwa kibodi, kwa sauti au kwa swichi moja wanayoibonyeza kwa kiwiko au kidevu. Vitufe viwili vilivyobanana, kimoja "Thibitisha" na kingine "Futa", ni mtego. Na mfumo unaomtambua mgonjwa kwa alama za vidole pekee humfungia nje mtu asiye na vidole, au ambaye ukoma au kazi ya kokoto imezifuta alama hizo. Ule unaomtaka aweke uso wake ndani ya duara kwenye skrini humfungia nje asiyeliona duara, isipokuwa uwe na sauti ya kumwelekeza kushoto, kulia, juu kidogo.

Kundi linaloachwa nyuma kabisa ni la watu wenye ulemavu wa akili, na wale ambao ugonjwa au umri umepunguza uwezo wao wa kukumbuka na kufuatilia. Hapa ufikivu ni suala la maneno, na tovuti ya huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ina jambo la kujifunza. Waandishi wake hulenga, kila inapowezekana, lugha ya msomaji wa umri wa miaka 9 hadi 11, na waliamua kutumia maneno ya nyumbani kwa mkojo na kinyesi badala ya maneno ya kitabibu, kwa kuwa ndiyo ambayo kila mtu huyaelewa. Kiswahili kina hazina hiyo hiyo. Mgonjwa huenda hospitali na presha na sukari. Tovuti humwandikia shinikizo la juu la damu na ugonjwa wa kisukari. Siyakatai maneno hayo, ni sanifu na ni mazuri, lakini mtu akitafuta "presha" na kuambiwa hakuna kilichopatikana, ataondoka akiamini kwamba tatizo lake halijulikani. Yaandikwe yote mawili, sentensi ziwe fupi, na hatua moja ikae peke yake kwenye skrini kabla ya kwenda nyingine.

Halafu kuna nyaraka. Orodha ya hospitali zilizoidhinishwa, viwango vya malipo na fomu za rufaa mara nyingi hutolewa kama faili la PDF. Faili la PDF lenyewe si adui. Likiandaliwa vizuri husomeka. Kinachoharibu ni desturi ya ofisi zetu: waraka huchapishwa, hutiwa sahihi na mhuri, kisha hupigwa picha kwa mashine na picha hiyo ndiyo inayowekwa kwenye tovuti. Kwa jicho ni waraka kamili wenye mhuri wake. Kwa kisoma skrini ni karatasi tupu, kurasa 40 za kimya. Mwenye simu ndogo naye huteseka kuuvuta kushoto na kulia. Haidhuru mhuri ukawekwa, lakini orodha yenyewe iandikwe pia kama ukurasa wa kawaida.

Je, yote haya yanapimwaje? Lipo shirika la kimataifa linaloweka kanuni za wavuti, W3C, lililoanzishwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, mtu aliyeubuni wavuti wenyewe. Shirika hilo lina mwongozo unaofahamika kwa kifupi kama WCAG, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1999, na toleo lake la 2.2 lilitolewa Oktoba 2023. Masharti yake ni mengi, lakini yote yamejengwa juu ya maswali manne: je, kilichopo kinaifikia walau hisi mojawapo ya mtu, iwe ni jicho, sikio au ncha ya kidole kwenye nukta nundu? Je, anaweza kukiendesha? Je, anakielewa? Na je, kitaendelea kufanya kazi na vifaa mbalimbali, vya leo na vya kesho? Masharti yamepangwa katika madaraja matatu, A, AA na AAA, na sheria za nchi nyingi huchukua la katikati.

Ule msimbo uliomshinda mjomba una mahali pake humo. Mwongozo unataka kwamba, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mtu mwenye kuwekewa muda aweze kuuzima au kuurekebisha, au apewe onyo kabla haujaisha na nafasi ya kuurefusha kwa kitendo chepesi. Toleo la 2.2 likaongeza kwamba kuingia kwenye akaunti kusimlazimishe mtu kukariri tarakimu kichwani pasipo kumpa njia nyingine. Kwa mfano, aruhusiwe kunakili msimbo na kuubandika. Karani anayefunga dirisha wakati mteja bado anatafuta kitambulisho mfukoni angekemewa na foleni nzima. Tovuti hufanya hivyo kila siku na hakuna anayeiona.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba haya yote hayana haja, kwa kuwa asiyeweza tovuti atatumia *147#. Ni kweli kwamba menyu ile ni maandishi matupu na simu huweza kuisoma, na kwa asiye na bando ni msaada mkubwa. Lakini kikao chake hukatika baada ya muda mfupi, na anayesomewa kwa sauti chaguo saba ndipo achague la saba ana muda mchache kuliko anayezitazama zote kwa mpigo. Tena si kila huduma iliyo kwenye tovuti iko pia kwenye menyu. Kumwambia mtu atumie mlango wa nyuma si jibu, hasa mlango huo ukiwa hauelekei vyumba vyote.

Hoja nyingine ni kwamba watu wanaohusika ni wachache. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu wapatao 900,000, asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, na namba hiyo hunukuliwa kila fundi anapotaka kuahirisha kazi. Haielezwi kwamba waliohesabiwa ni wale waliosema wana ugumu mkubwa au hawawezi kabisa. Bibi anayeona kwa shida kidogo na kusikia kwa shida kidogo hayumo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote duniani, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Na hapa tunazungumzia tovuti ya afya. Wanaoifungua si mfano wa kawaida wa wananchi. Ni wagonjwa, wazee, waliotoka ajalini na wanaowauguza. Ikiwa kuna mahali ambapo wenye ulemavu watakuwa wengi kuliko kwenye sensa, ni hapo.

Dhana ya hatari kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya suluhisho la kubandika. Kampuni huja na kipande kimoja cha programu, huahidi kwamba ukikiweka kwenye tovuti kitaongeza alama ndogo pembeni yenye vitufe vya kukuza herufi na kubadili rangi, na kwamba kuanzia hapo tovuti imetimiza masharti yote. Kiongozi huiona alama ile na kuridhika. Lakini anayehitaji herufi kubwa tayari ameziweka kwenye simu yake mwenyewe, na kipande hicho hakiwezi kujua kwamba kitufe kisicho na jina kilikusudiwa kuwa "Weka miadi" na wala si "Futa miadi". Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1 kutokana na madai yake kwamba zana yake ingeweza kuifanya tovuti yoyote ikidhi mwongozo wa WCAG. Ofisi ya umma inayotaka kununua zana ya namna hiyo kwa kodi za wananchi inapaswa kulijua jambo hilo kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi, kwa sababu kwa hili hatuna uhaba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unaitaja intaneti waziwazi katika Kifungu cha 9. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari. Shirika la viwango, KEBS, lilitoa mwaka 2022 kiwango cha kitaifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, KS 2952, na mwaka 2025 nchi ikapata Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu. Kinachokosekana ni desturi ya kuandika masharti haya ndani ya zabuni. Zabuni ikisema tu "tovuti ya kisasa yenye kuvutia", fundi atatoa tovuti ya kisasa yenye kuvutia. Ikisema kwamba malipo ya mwisho hayatatolewa hadi watu watano wenye ulemavu wa aina mbalimbali wawe wamejisajili, wameweka miadi na wamelipa bila kusaidiwa na mtu, fundi atawatafuta watu hao tangu wiki ya kwanza.

Na hapo ndipo penye jibu la swali la gharama. Kuandika jina la kitufe wakati wa kukitengeneza ni kazi ya sekunde. Kurudi kwenye mfumo wenye kurasa elfu, ambao waliouandika wameshaondoka, ni mradi mpya. Uingereza, kwa kanuni zake za 2018, huzilazimisha taasisi za umma kuchapisha taarifa ya ufikivu, ambamo taasisi hueleza sehemu zipi za tovuti yake hazijakaa sawa, mtu afanye nini kwa sasa, na alalamike wapi. Nalipenda sharti hilo kwa sababu linamwondolea mwenye ulemavu mzigo wa kuthibitisha kwamba kosa si lake wala si la simu yake.

Msomaji mwenye macho anaweza kulijaribu jambo hili leo, kwenye tovuti yoyote ya afya anayoitumia. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye ufikivu, washa TalkBack au VoiceOver, lakini jifunze kwanza namna ya kuizima, kwa sababu simu itabadilika tabia. Ifunike skrini kwa kitambaa. Jaribu kuweka miadi, na uandike kila mahali ulipokwama: ukurasa gani, hatua ya ngapi, simu ilisema nini, ulitarajia iseme nini. Malalamiko ya namna hiyo fundi hawezi kuyapuuza kwa kusema mtandao ulikuwa dhaifu. Yapeleke kwa taasisi yenyewe kwa maandishi, na kama uko Kenya nawe hujajibiwa, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na Tume ya Haki ya Utawala zina kazi ya kukusikiliza.

Mimi na mjomba tuliiandika yetu pamoja, yeye akitaja, mimi nikiandika. Iligusia vitufe vitatu visivyo na majina, kalenda isiyotaja mwezi, na msimbo unaokwisha kabla ya kusomwa. Jina la kliniki hakulitaja, nami sikuliandika.